Mlango wa Mkongo na Kopo la Vanishi: Somo kwa Mlaji wa Masasi na Newala

Katika wilaya za Masasi na Newala, minada ya korosho huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, na fedha huwafikia wakulima wengi katika miezi inayofuata. Huo ndio wakati ambao mwenye nyumba huutazama mlango wake wa mbele, ule wa mkongo alioachiwa na wazazi wake, akaona jinsi ulivyofifia na kuwa wa kijivu upande wa chini, akaamua kwamba mwaka huu lazima ung'are. Fundi huitwa. Kopo la vanishi hununuliwa. Baada ya siku mbili mlango unameremeta kama kioo, na majirani wanausifu. Kisha mvua za Desemba huanza kuupiga, jua la Januari huukausha, mvua huurudia tena. Kufikia Pasaka vanishi imejivua kama ganda la kitunguu, na chini yake mbao ina madoa meusi ambayo hayakuwapo hapo awali.

Mlaji huyo akirudi dukani, muuzaji humwambia kwamba kosa ni la fundi. Akimwendea fundi, huambiwa kwamba kosa ni la vanishi. Mara nyingi kila mmoja wao anasema nusu ya kweli. Somo hili linaeleza jinsi kazi hii inavyofanyika ipasavyo, ili mlaji ajue analipia nini, aulize nini kabla ya kulipa, na atazame wapi kabla ya kumalizia malipo. Tumeuchukua mlango wa mbele kuwa mfano kwa sababu ndio unaopata taabu kuliko mbao nyingine zote za nyumba. Aliyeuelewa mlango hatashindwa na kabati wala kitanda.

Ijue mbao uliyonayo

Neno "mahogani" hutumika karakanani kwa mbao zaidi ya moja. Mahogani ya Afrika kwa haki yake ni mkangazi, mti wa jamii moja na mahogani ya Amerika, ile iliyotumika Ulaya na Marekani kujengea vyumba na sitaha za mashua za starehe za injini katika karne iliyopita. Mbao yake ni nyekundu ya kahawia, nyepesi kiasi, na rahisi kwa randa. Mkongo, ambao watu wa pwani ya kaskazini huuita mbambakofi, wafanyabiashara huuita mahogani vilevile, lakini ni mti wa jamii ya kunde. Ni ule wenye mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu ambazo watoto huziokota na kuzichezea. Mbao yake ni nzito, ngumu, na huvumilia mchwa na unyevu kuliko mkangazi. Zote mbili ni mbao njema, ila bei na uzito wake ni tofauti, na anayelipia moja apewe hiyo hiyo.

Udanganyifu ulio wa kawaida zaidi ni ule wa mbao laini, kama msindano, kupakwa rangi nyekundu na kuuzwa kwa jina la mahogani. Njia ya kuugundua ni nyepesi. Kwangua kidogo kwa kisu mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa juu wa mlango. Rangi ya mbao ya kweli inaingia ndani, rangi ya kopo huishia juu. Kisha uinue mlango upande mmoja: mlango wa mkongo haunyanyuliwi na mtoto.

Ukishajua kwamba mlango wako wa zamani ni wa mkongo, mkangazi au mninga, usikubali upesi shauri la kuung'oa na kuweka mpya. Mbao iliyokaa ukutani miaka arobaini imekwisha kusinyaa kiasi chake, haitapinda tena kwa urahisi kama mbao iliyopasuliwa mwezi uliopita. Tena miti hii imepungua. Mwaka 2022 mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliiingiza mikongo, mikangazi na mininga ya Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Na hata humu nchini, mbao mpya za miti ya asili hazisafirishwi kihalali bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Anayekuuzia mbao za mkongo usiku, kwa bei ya kutupa, bila karatasi yoyote, anakuuzia pia kesi yake.

Neno moja la pembeni kuhusu mpingo, kwa kuwa tupo katika nchi ya Wamakonde. Kinyago cha mpingo hakihitaji vanishi. Mbao yake ni nzito na ina mafuta ya asili yanayoichelewesha vanishi ya mafuta kukauka, nayo hubaki ikinata na kukusanya vumbi. Wachongaji hukisugua kwa msasa laini, kisha kwa nta, na hiyo yatosha.

Vanishi ni nini, na kwa nini hubanduka

Si kitu kigeni katika nchi hii. Katika karne ya kumi na tisa, vanishi bora za Ulaya na Marekani, zilizopakwa kwenye magari ya farasi, piano na mashua, zilipikwa kwa sandarusi iliyochimbwa ardhini katika pwani yetu na kusafirishwa kupitia Unguja hadi Bombay, Hamburg na Salem katika jimbo la Massachusetts. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi. Ule uliozikwa mchangani kwa muda mrefu mno uligeuka kuwa mgumu, na huo ndio uliopata bei nzuri. Ule mbichi, uliokusanywa kutoka mtini, uliitwa chakazi, ukadharauliwa. Wafanyabiashara wa Kiingereza walishindwa kulitamka neno hilo, wakalipotosha mpaka likafanana na neno lao la punda dume, na jina hilo la dharau limebaki katika vitabu vyao.

Mpishi wa vanishi wa wakati huo aliyeyusha sandarusi kwa moto mkali, akaichanganya na mafuta ya kitani, kisha akaizimua kwa tapentaini. Viwanda vya leo hutumia utomvu uliotengenezwa kwa kemikali, lakini mpango ni uleule: kuna utomvu unaoleta ugumu na mng'aro, kuna mafuta yanayoleta unyumbufu, na kuna kiyeyushio kinachofanya vanishi ipakike, kisha huruka hewani. Mlaji akizijua sehemu hizi tatu ataelewa sababu ya mlango wake kuharibika.

Mbao hupumua. Wakati wa masika huvuta unyevu na kuvimba, wakati wa kiangazi husinyaa. Tabaka la vanishi lililo juu yake lazima linyumbuke pamoja nayo. Vanishi yenye utomvu mwingi na mafuta machache huwa ngumu kama kioo, hupendeza juu ya meza, lakini mlangoni hupasuka nyufa nyembamba zisizoonekana kwa jicho. Maji hupita humo, hukaa chini ya tabaka, na jua likipiga huwa mvuke unaoisukuma vanishi kutoka chini. Hapo ndipo malengelenge hutokea, kisha magamba.

Sababu ya pili ni jua lenyewe. Vanishi ni angavu, kwa hiyo mwanga wa jua hupita ndani yake na kuziunguza nyuzi za juu za mbao. Nyuzi hizo zikifa, vanishi haina tena kitu cha kushikilia. Ndiyo maana magamba yanayoanguka mlangoni huwa na unga wa kijivu upande wa ndani. Unga huo ni mbao iliyokufa. Vanishi ya nje huwekewa viambato vya kuchuja miale hiyo. Vanishi ya ndani haina.

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Masasi na Newala mlaji atakutana na namna tatu hasa. Kuna ile inayokauka upesi, kwa dakika badala ya saa, ambayo mafundi wa samani huipenda kwa sababu hupulizwa kwa mashine na kazi huondoka siku hiyohiyo. Ni njema kwa kitanda na kabati, ni mbaya kwa mlango wa nje. Kuna vanishi ngumu ya ndani, inayofaa meza, ngazi na sakafu. Na kuna vanishi ya nje, ambayo iliyo bora kabisa katika kundi lake ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini. Hii ya mwisho hukauka polepole na bei yake ni kubwa kuliko zote. Hata hivyo mlango unaotazama mashariki au magharibi bila baraza hupigwa na jua kama mashua iliyotia nanga, na mahali hapo bei hiyo ina sababu. Mlango uliofunikwa na baraza pana hauhitaji zaidi ya vanishi ya kawaida ya nje.

Wako wanaouliza kuhusu mafuta ya maganda ya korosho, kwa kuwa yapo karibu na hutajwa kwamba hutengenezewa vanishi. Ni kweli kwamba viwanda hutengeneza kwayo vanishi, rangi na hata vitambaa vya breki. Lakini hayo ni mafuta yaliyokwisha kuchakatwa. Mafuta mabichi huunguza ngozi, kama ajuavyo kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono, nayo juu ya mlango hukauka polepole mno. Usiyapake mahali ambapo watoto hushika.

Kopo, na kilichomo ndani yake

Nunua kopo lililofungwa kiwandani. Ushauri huu unaonekana mdogo, lakini hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Vanishi inayopimwa kutoka pipa na kutiwa katika chupa ya maji haina jina la mtengenezaji, haina tarehe ya mwisho wa matumizi, haina maelezo ya kama ni ya ndani au ya nje, na hakuna ajuaye imezimuliwa mara ngapi. Ikikuharibikia huna cha kumwonyesha mtu yeyote. Tena chupa ya maji yenye kimiminika cha rangi ya asali ni mtego kwa mtoto mwenye kiu.

Juu ya kopo tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, jina na anwani ya mtengenezaji, ujazo, tarehe, na maelezo ya matumizi. Kama maelezo ni ya Kiingereza na huyaelewi, mwombe muuzaji akusomee mahali palipoandikwa kwamba ni ya nje, na umwombe aandike hivyo kwenye risiti: "vanishi ya nje". Muuzaji mwaminifu hataona taabu. Kopo lililovimba, lililoshika kutu kwenye mdomo, au ambalo ukilitikisa husikii kitu kikicheza ndani, liache.

Kisha suala la kiasi. Mafundi wengi huagiza galoni, yaani lita 4, kwa mlango mmoja. Hebu tupige hesabu. Mlango wa kawaida una upana wa takriban sentimita 90 na urefu wa sentimita 210, yaani karibu mita za mraba 1.9 kila upande. Pande mbili pamoja na kingo ni kama mita za mraba 4. Mikono minne ya vanishi ni mita za mraba 16. Lita moja ya vanishi hufunika kwa kawaida mita za mraba 10 au zaidi kidogo kwa mkono mmoja, na kiasi kamili huandikwa kwenye kopo. Kwa hiyo mlango mmoja hutaka lita 1.6, na ukiwa na michongo mingi tuseme lita 2. Fremu itaongeza kidogo. Anayekuagiza galoni ana haja na lita 2 zilizobaki, na una haki ya kumuuliza ni haja gani. Huenda jibu lake ni la haki, kwa mfano kwamba galoni ni nafuu kuliko makopo mawili madogo. Basi kinachobaki kirudi kwako.

Bajeti isiishie kwenye vanishi. Msasa wa namba tatu au nne, brashi nzuri isiyonyonyoka, kiyeyushio kilichotajwa kwenye kopo, na vitambaa safi vya pamba ni sehemu ya kazi. Petroli si kiyeyushio cha vanishi. Mafundi wengine huitumia kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Mvuke wake hutambaa chini na kulipuka kwa cheche ya jiko la jirani.

Msimu

Tumesema fedha huja na mvua. Hilo ndilo tatizo kubwa la kazi hii katika wilaya zetu, na halitatuliwi na kopo la bei yoyote. Mbao iliyolowa haishiki vanishi. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili, mlango wa nje mara chache huwa mkavu kiasi cha kutosha, na hewa yenyewe imejaa unyevu. Fedha ikipatikana Desemba, itumie kwa kitanda, kabati na viti, ambavyo fundi anaweza kuvifanyia kazi chini ya paa. Fedha ya mlango itunzwe, au fundi apewe kidogo ili akuandikie siku yako ya kiangazi.

Kiangazi nacho kina mitego yake. Mwezi Juni na Julai uwanda wa juu wa Newala huwa na baridi, na asubuhi ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma ukalowesha kila kitu. Vanishi iliyopakwa alasiri ya siku kama hiyo hukutwa na umande kabla haijashika, na asubuhi mlango una utando mweupe kama maziwa. Miezi hiyo ndiyo pia wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Vumbi la salfa husafiri mbali alfajiri, na vanishi mbichi hulinasa lote. Masasi hakuna baridi ya namna ile, lakini jua lake la mchana juu ya mbao nyekundu ni kali kiasi cha kuifanya vanishi ichemke viputo ikiwa bado kwenye brashi.

Kwa maoni yetu muda ulio bora ni kutoka mwisho wa Agosti hadi katikati ya Oktoba, baada ya salfa na kabla ya mawingu. Kazi ianze umande ukishakauka, mlango uwe kivulini, na isimame mapema alasiri ili tabaka lipate kushika kabla ya usiku.

Kazi yenyewe

Kwanza mlango ung'olewe kwenye bawaba. Fundi atakayepaka mlango ukiwa umesimama mahali pake hataweza kuufikia ukingo wa chini, na huko ndiko maji huingilia. Mbao hunywa maji kwa ncha zake mara nyingi zaidi kuliko kwa ubavu wake, kama bua. Tumeona milango iliyopakwa vizuri sana usoni, iliyooza kutoka chini kwa sababu ukingo ule haukuguswa hata mara moja tangu mlango utoke karakanani.

Je, vanishi ya zamani iondolewe yote? Si lazima. Nyunyiza maji kidogo juu yake. Yakisimama matone, na ukucha ukikwangua haung'oi kitu, tabaka hilo bado lina nguvu: lisuguliwe kwa msasa mpaka liondoke mng'aro, kisha lipakwe juu yake. Maji yakizama na mbao kugeuka nyeusi, au magamba yakitoka kwa ukucha, yote yaondolewe mpaka mbao tupu. Hakuna njia ya kati. Vanishi mpya inayopakwa juu ya magamba hushika magamba, na magamba hayashiki kitu.

Kuondoa hufanywa kwa kikwangulio chenye makali, kufuata nyuzi za mbao, kisha msasa namba 80, halafu 120, halafu 180. Fundi asikatishe nyuzi kwa msasa, maana mikwaruzo ile haionekani mbao ikiwa kavu, lakini hujitokeza yote vanishi inapogusa. Mbao ya kijivu isuguliwe mpaka rangi yake halisi irudi. Kijivu kikibaki, ni ile mbao iliyokufa tuliyoitaja. Pamba ya chuma isitumike. Vipande vyake vidogo hubaki ndani ya vitundu vya mbao, hushika kutu, na kufanya nukta nyeusi. Kwa sababu hiyohiyo misumari ya chuma katika mkongo huleta michirizi meusi. Ikibidi kubadilishwa, skurubu za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu ni bora.

Ikiwa mlango ulipakwa rangi zamani, kabla ya vanishi au juu yake, tahadhari inahitajika. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Rangi ya namna hiyo isichomwe kwa moto wala isisuguliwe ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, fundi afunike pua na mdomo kwa barakoa, watoto na kuku wakae mbali, na takataka zikusanywe zizikwe mbali na kisima. Katika uwanda wetu, ambako kaya nyingi huvuna maji ya mvua kutoka paani hadi kwenye kisima cha uani, jambo hili ni la uzito wa pekee.

Vumbi likishafutwa kwa kitambaa chenye unyevu wa kiyeyushio, mkono wa kwanza hupakwa. Huu huzimuliwa sana, hata nusu kwa nusu ikiwa maelezo ya kopo yanaruhusu, ili uzame ndani ya mbao badala ya kukaa juu. Mkongo una vitundu vikubwa na utaunywa wote. Mkono wa pili huzimuliwa kidogo, na inayofuata hupakwa kama ilivyo. Kati ya mkono mmoja na mwingine vanishi iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa, mara nyingi usiku mzima au siku nzima, kisha isuguliwe kidogo kwa msasa laini, namba 240 au 320, na kufutwa. Wenye mashua hupaka mikono sita, minane, hata zaidi. Mlango wa nje usipewe chini ya minne, na usitegemee kwamba mkono mmoja mzito ni sawa na miwili myembamba. Mzito hukauka juu ukabaki mbichi chini, ukakunjamana.

Kwa hesabu hiyo kazi njema ya mlango mmoja huchukua siku sita au saba, ingawa saa za kushika brashi ni chache. Usiku nyumba isibaki wazi: mlango wa muda wa bati au mbao duni uandaliwe mapema, na uingie katika mapatano.

Mapatano na malipo

Fundi anayeahidi kumaliza kwa siku mbili hadanganyi. Atamaliza kwa siku mbili. Ila mlaji ajue kwamba anachonunua ni mng'aro wa miezi michache. Tofauti kati ya kazi ya siku mbili na ya siku saba haionekani siku ya kukabidhiwa, na ndiyo maana inafaa kuitazama kazi kabla haijafunikwa.

Andikeni karatasi moja, hata kwa mkono, yenye majina yenu mawili, aina ya vanishi, idadi ya mikono, kwamba pande zote sita za mlango, pamoja na ukingo wa chini, zitapakwa, na bei. Kisha gaweni malipo. Sehemu ya kwanza itolewe mlango ukiwa mtupu, kabla ya vanishi yoyote: pitisha kiganja, tazama rangi, hakikisha hakuna kijivu. Hii ndiyo nafasi muhimu kuliko zote, maana makosa ya hapa hayarekebishiki baadaye. Sehemu ya pili itolewe baada ya mkono wa pili. Ya mwisho itolewe mlango ukisharudi ukutani na ukingo wa chini ukaguliwe kabla ya kupachikwa. Tunamwomba mlaji naye awe mwadilifu. Fundi anayesugua siku tatu anastahili ujira wa siku tatu, hata kama jirani yako alilipa nusu yake kwa kazi ya kupakaza.

Dai risiti ya kielektroniki ya vanishi, uitunze pamoja na kopo tupu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa kwayo na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Ndiyo sababu ya yale maneno "vanishi ya nje" kwenye risiti. Kasoro ikitokea, anza na muuzaji au fundi, ukiwa na risiti, kopo, karatasi ya mapatano na picha ikiwezekana. Wengi humalizana hapo. Isipowezekana, mwone afisa biashara wa halmashauri yako. Maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na bidhaa bandia ni mambo ya Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kopo lenye ujazo pungufu kuliko ulioandikwa ni jambo la Wakala wa Vipimo. Alama ya ubora ya kughushi ipelekwe Shirika la Viwango.

Vitambaa, masalio na mwaka unaofuata

Kitambaa kilicholowa vanishi ya mafuta kikikunjwa na kutupwa kwenye kona kinaweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na ndani ya mkunjo joto halina pa kutokea. Nyumba na karakana zimeungua kwa njia hii, na wenyewe wakadhani kuna mtu mbaya. Vitambaa vyote vitandazwe nje juu ya mawe mpaka vikauke vikawa vigumu, au vilowekwe ndani ya ndoo ya maji. Msimamie fundi katika hili hata akikucheka.

Vanishi iliyobaki ibaki katika kopo lake, kifuniko kigongwe vizuri, iwekwe juu mahali penye kivuli na pasipofikiwa na watoto. Mtoto akiinywa, asitapishwe. Apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na kopo. Masalio hayo utayahitaji.

Wenye vyombo vya mbao, wawe wa mashua za starehe za Ulaya au wa majahazi ya Mikindani yanayopakwa sifa na deheni, wana desturi moja: hawangoji chombo kiharibike ndipo wakipake. Mlango wako nao, kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, mnamo Septemba, uoshwe kwa maji na sabuni, usuguliwe kidogo kwa msasa laini, upewe mkono mmoja mpya. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja ambayo kijana wa nyumbani anaiweza, na robo lita ya vanishi inatosha upande wa nje. Kwenye ukingo wa upande wa bawaba, ambako wageni hawaoni, mwombe fundi aandike kwa penseli chini ya mkono wa mwisho: tarehe, jina la vanishi na idadi ya mikono. Atakayeufungua mlango huo baada yako ajue aanzie wapi.